Kupima vijito vya Uluguru wakati wa kiangazi

Vijito vya Uluguru vinavyoingia mto Ruvu hupungua sana Septemba na Oktoba, kabla ya vuli. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu kupima ni lita ngapi zinapita kila sekunde.

Ndoo na saa ya simu vinatosha?
Vinatosha iwapo maji yote yanaanguka mahali pamoja na ndoo ya lita 20 haijai chini ya sekunde 5. Ikijaa kwa sekunde 8, hiyo ni lita 2.5 kwa sekunde. Rudia mara tano, chukua wastani.

Maji yameizidi ndoo. Tufanyeje?
Simamisha ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90, uunyooshe kwa pima maji ya fundi, kisha ziba chini na pembeni kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yanayopenya pembeni hayaingii kwenye hesabu, na hapo ndipo wengi huharibu. Yanayopita kwenye mkato yaanguke huru, yasiambae na ubao. Kina usikisomee kwenye mkato, maana uso wa maji huinama yanapokaribia kuanguka. Pigilia rula kwenye kigingi mita 1 kabla ya ubao, upande maji yanakotoka, sifuri yake ilingane na ncha ya chini ya V. Sm 5 ni lita 0.8 kwa sekunde, sm 10 ni 4.4, sm 15 ni 12. Ukikosea nusu sentimeta tu kwenye sm 5, jibu limepotoka kwa robo nzima.

Kijito chetu hakina kituo cha kupimia maji, mto jirani unacho. Nikadirie maji yetu kutoka ya jirani kwa uwiano wa ukubwa wa eneo linalokusanya maji?
Sawa, kama eneo lenu ni kati ya nusu na mara moja na nusu ya lile la jirani, na miamba na misitu inafanana. Mimi ningependelea upime kijito mara 8 hadi 10, siku ambazo mvua haijanyesha wiki nzima, kwa zaidi ya kiangazi kimoja. Omba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu mtiririko wa kituo wa siku zilezile, uchore nukta moja kwa kila siku, kijito kwa mto, kwenye karatasi ya logi (ambayo mistari yake hubanana kadiri namba zinavyokua). Zikikaa kwenye mstari, utasoma humo kijito kitabaki na nini mto jirani unapofikia mtiririko wa kiangazi kikali. Tafadhali, msijenge banio (kizuizi cha kuchepushia maji) kwa kipimo cha siku moja.

Asubuhi na alasiri namba hazilingani.
Mchana miti ya kingoni hunywa maji, na huko juu mifereji hufunguliwa. Andika saa ya kupima, kisha panda uhesabu mifereji na mipira inayovuta.

Kijito kimekauka kabisa. Niandike nini?
Andika 0 na tarehe. Ukiacha wazi, atakayesoma atadhani hukwenda. Kwenye logi sifuri haichoreki, kwa hiyo siku hizo zihesabu kando.