Wageni wa Julai

Barua za wasomaji zinajibiwa na nesi mstaafu aliyefanya kazi miaka 31 katika zahanati ya kanisa, Nyanda za Juu Kusini.

Swali: Mama, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja karibu na Makambako. Kanisa rafiki la Marekani limetuandikia kwamba Julai linaleta watu 16 kwa siku kumi. Watatujengea darasa la Shule ya Jumapili, watafanya kambi ya matibabu siku tatu na kucheza na watoto. Kila mmoja anachangisha dola 3,500 za safari. Mchungaji amefurahi. Mimi nilipiga hesabu usiku, usingizi ukakata. Mafundi tunao, tena wengine ni washarika wanaokaa bila kazi. Nikisema hivyo kwenye baraza nitaonekana nafukuza wageni. Nifanyeje? — Mzee wa Kanisa, Njombe

Jibu: Amina, mzee wangu. Hesabu yako ya usiku nimeirudia mchana, miwani usoni. Tukiweka dola moja kwa shilingi 2,500, watu 16 ni milioni 140. Tuseme fundi ni 30,000 kwa siku na saidia fundi 15,000. Weka mafundi wanne na saidia sita kwa siku 20, unapata milioni 4 na laki 2. Maana yake mgeni mmoja tu akibaki kwao na kuituma nauli yake, mafundi wa darasa wanalipwa mara mbili na ya rangi inabaki.

Kuna mtu aliyewahi kuipiga hesabu hii kitaalamu. Kimbunga Mitch kilipoivunja Honduras mwaka 1998, vikundi vya makanisa kutoka Marekani ya Kaskazini vilimiminika kujenga nyumba. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek, anayeishi Honduras, akafuatilia. Shirika la Kikristo la palepale lilijenga nyumba kwa kama dola 2,000. Nyumba ya kikundi cha wageni, ukijumlisha na safari yao, ilifika kama dola 30,000. Familia zilizojengewa na wageni na zilizojengewa na Wahondurasi wenyewe hazikutofautiana maisha. Wageni nao walisema safari imewafanya watoe sadaka zaidi, ila vitabu vya fedha vilipofunguliwa ongezeko hilo halikuonekana sana.

Sasa nikuungamie jambo. Kwa miaka mingi mkalimani wa wageni nilikuwa mimi, kwa sababu Kiingereza changu cha chuo cha uuguzi kilitosha. Katika kazi hiyo nimesema uongo mwingi, wote wa adabu. Mwaka 2009 kikundi kilichimba mtaro wa kuleta maji kutoka chemchemi. Vijana wazuri, mikono imejaa malengelenge. Akaja mzee mmoja wa kijiji, akaegemea fimbo, akatazama weee, kisha akaniambia: “Waambie maji hayapandi mlima.” Wakanigeukia, wanasubiri. Nikatafsiri: “Mzee anawashukuru sana kwa nguvu zenu.” Wakampigia makofi. Mzee naye akapiga, maana hakujua nimesema nini. Mtaro upo mpaka leo. Kiangazi mbuzi wa jirani wanajikinga upepo humo.

Kwa hiyo Wamarekani usiwalaumu peke yao. Hawajui kwa sababu hatuwaambii. Tunawachinjia kuku, tunawaimbia, tunawavika vitenge, na wakiuliza “tumesaidia?” tunajibu “sana.” Akina mama wanalala jikoni siku kumi na mahindi yako shambani, maana Julai kwetu ni kuvuna na kupukuchua. Pale kwetu tuliwajengea hadi choo cha kukaa. Ufunguo wake anao mhasibu, kinafunguliwa mara moja kwa mwaka.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wanashuka na jembe lao siku ya kwanza, na shamba hawajaonyeshwa.

Kambi ya matibabu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa ile nilikuwa naiandika kwenye daftari langu. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alikutwa na presha ya 190 kwa 110. Daktari mgeni, mtu mpole kabisa, akampa vidonge vya siku 30, aina ambayo sisi hatukuwa nayo. Vilipoisha akaja kwangu na kichupa kitupu. Nikampa tulivyokuwa navyo kabatini, akavikataa: anasubiri vile vya wageni. Akasubiri mpaka Julai nyingine. Alifika kambini amebebwa, upande wa kulia umepooza.

Na kuna jingine ambalo mgeni hawezi kuliona, kwa sababu linatokea kabla hajafika. Mei na Juni watu wanaacha kuja zahanati. Anayekohoa anakohoa nyumbani akingoja matibabu ya bure. Zahanati kama ile inaishi kwa ada ndogo ya kumwona mganga. Mfuko unakauka, na Agosti, wageni wameondoka, nakosa fedha ya kununua dawa ileile ya presha.

Sheria nayo ipo. Daktari wa nje hatibu mtu hapa bila usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa za msaada zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kuisha. Mimi nilishakabidhiwa boksi zima la matone ya macho yenye wiki sita, tukapiga picha nalo. Tena viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Mkaguzi wa uhamiaji akija, atakayeitwa ni mwenyeji.

Sasa barua. Iandike wewe na mchungaji, wala msimwachie mkalimani. Anza na salamu ndefu, ndiyo desturi yetu na wao wanaipenda. Kisha sema: “Tunaomba mje watu wanne au watano, mje Oktoba tukishavuna, mje kututembelea. Mtalala nyumbani kwetu, mtakwenda nasi kwenye misiba na harusi, mtakaa kwenye baraza letu msikilize tunavyopanga. Darasa tutajenga wenyewe. Hii hapa bajeti, na hawa hapa mafundi kwa majina. Kama wale wengine wangependa kuchangia sehemu ya nauli zao, hesabu tutawatumia kila mwezi.” Halafu mtume kweli hizo hesabu kila mwezi! Nimeona pia fedha za darasa zikigeuka pikipiki ya mtu, na hapo mgeni akisema bora aje mwenyewe na nyundo yake, namjibu nini?

Kuhusu matibabu, kama kuna daktari kati yao, aje wiki zote akae pembeni ya mganga wenu, wafundishane. Dawa zinunuliwe hapahapa, zile mtakazoweza kuendelea kuzinunua.

Huenda wakakasirika. Huenda wakaenda usharika wa jirani uliosema “karibuni nyote.” Hilo linatokea, sitakudanganya, na baraza litakukumbusha kila mwaka. Lakini kuna wanaoelewa. Dayosisi ya Iringa ya KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri Tanzania, na sinodi ya eneo la Saint Paul, Minnesota, wana ushirika wa miaka mingi unaoitwa Bega kwa Bega. Usharika wa huku unaunganishwa na wa kule, na kusomesha watoto wa sekondari ni sehemu kubwa ya kazi yao. Wakitembeleana, wanatembeleana. Na kwetu alikuwapo babu mmoja, fundi umeme mstaafu, aliyekuja mara nne, peke yake. Hakujenga kitu. Alikaa na kijana wetu wa sola mpaka kijana akajua kutengeneza friji ya chanjo bila kumpigia simu mtu yeyote. Babu huyo nilimtafsiria kila neno kama lilivyosemwa, hata matusi ya kijana alipopigwa shoti.

Wala hujawa wa kwanza kukosa usingizi. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya, katibu mkuu wa kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA), alisimama mbele ya Wamarekani huko Milwaukee akaomba wamisionari waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa yetu yajifunze kusimama. Mkutano wa baraza la makanisa ya Afrika nzima (AACC), Lusaka, 1974, ukaliunga mkono wazo hilo. Kelele zilizofuata! Na Gatu alikuwa anazungumzia watu waliokaa miaka ishirini, si siku kumi.

Swali: Shikamoo mama. Naishi Minnesota mwaka wa 19 sasa, nyumbani ni Machame. Mwanangu wa kiume ana miaka 17. Vijana wa kanisa letu wanakwenda Kenya siku nane mwezi Juni, kwenye kituo cha watoto yatima, na wamemwomba awe kiongozi msaidizi kwa kuwa anajua Kiswahili. Ukweli, Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Naona fahari, lakini moyo ni mzito. — Mama Kijana

Jibu: Marahaba mwanangu. Huo moyo mzito usikilize.

Watoto wengi wanaoishi kwenye vituo vya namna hiyo wana mzazi aliye hai, au bibi, au shangazi. Mara nyingi kilichowapeleka pale ni umaskini. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataka malezi yarudi kwenye familia. Kituo kinachoishi kwa wageni kinahitaji watoto wa kuwaonyesha wageni. Sisemi hicho chenu ni cha aina hiyo, sikijui. Uliza swali moja: mwaka jana ni watoto wangapi walirudishwa kwa ndugu zao? Wakikujibu kwa kukutumia picha, umeshajibiwa.

Nimefanya kazi wodi ya watoto. Mtoto anayemkimbilia mtu asiyemjua na kumng'ang'ania mguu, wageni wanasema ana upendo. Sisi tulikuwa tunaandika kwenye faili lake kwamba huyu hatembelewi. Siku ya nane mwanao atamwacha. Julai kitakuja kikundi kingine, kitamwacha.

Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na binti yao mchanga. Akabaki, akajifunza lugha mpaka akaandika kamusi. Sitaki mwanao azike mtu, Mungu apishie mbali. Nataka aanze na lugha.

Umesema nyumbani ni Machame, hukusema kama wazee wapo. Kama bibi yake yupo, mlete kwa nauli hiyohiyo, wiki nne, bila fulana yenye maandishi mgongoni. Akate majani ya ng'ombe. Akosee kuamkia, asahihishwe mbele za watu. Jumapili akae benchi la vijana, ibada ikiisha asimame mnadani anunue mkungu wa ndizi kwa bei ya kijinga, wamcheke. Akirudi huko Minnesota awasimulie wenzake, na hapo kama kanisa linataka kiongozi anayejua Kiswahili, litakuwa naye. Ikibidi aende Kenya, basi aende na sharti: asipige picha ya mtoto yeyote, na neno asilolielewa aseme halielewi. Asifanye nilivyofanya mimi.

Swali: Shikamoo bibi. Nasoma chuo Dodoma. Felowshipi yetu inakwenda misheni wilaya ya Kiteto, siku tano, watu 45 na vyombo vya muziki. Mwaka jana tulipata waliookoka 212. Tunabishana hapa hosteli: haya yanayosemwa juu ya wazungu yanatuhusu na sisi? — Katibu wa Felowshipi

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Yanawahusu, tena nyie hamna kisingizio cha lugha. Au mnacho? Mtahubiri Kiswahili cha Dodoma kwa akina mama wa Kimaasai, na anayewatafsiria ni nani, na anatafsiri nini? Rudi juu usome habari za mtaro.

Mwaka juzi kwaya moja ilishuka kijijini kwetu na jenereta na spika kama kabati. Siku tatu. Mwinjilisti wetu, mwenye mshahara usiofika laki moja na nusu, aliwapisha chumba chake, akalala ofisini juu ya mabenchi. Mkewe alichinja kuku wote, na jogoo juu. Walipoondoka walimwachia kadi zilizojazwa majina, awafuatilie. Majina mawili yalikuwa ya watu waliobatizwa na yeye mwenyewe mwaka 1998. Kila wakija wageni wanaokoka tena, ni wakarimu.

Hao 212 wenu, leo anayewajua kwa nyumba ni nani? Mpigieni mwinjilisti wa pale kabla hamjaanza kuuza fulana. Muulizeni wiki gani haina mnada wa ng'ombe na watu wangapi anaweza kuwalaza. Akisema kumi, nendeni kumi, wale 35 wachangie mafuta ya pikipiki yake mpaka Desemba. Spika moja ishuke, yapande magunia mawili ya mchele na mafuta ya kula. Na jogoo wa watu mwacheni.