Maswali ya Wasomaji: Maji yapo, viumbe je?

SWALI: Kila baada ya muda tunasikia maji yamegunduliwa Mirihi au kwenye mwezi fulani wa mbali. Kama yapo, mbona hakuna kiumbe aliyeonekana?

JIBU: Uliza kwanza ni maji ya namna gani. Mirihi ina barafu tele, hasa kwenye ncha zake, lakini kanieneo ya hewa kule haifiki asilimia 1 ya ile ya kwetu. Maji safi ukiyamwaga pale juu yatachemka huku yakiganda. Chumvi za pakloreti huchelewesha kuganda, ila maji yenye chumvi kali kiasi hicho huwashinda viumbe wengi tunaowajua.

Penye matumaini zaidi ni Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Chini ya barafu yake kuna bahari, na huko kusini maji hufoka angani kupitia nyufa. Mwaka 2015 chombo cha angani cha Cassini kilipita ndani ya mfoko huo, kilomita 49 tu juu ya uso, kikanasa hidrojeni: dalili kwamba maji ya moto yanakutana na miamba sakafuni. Duniani, vijidudu fulani huunganisha hidrojeni na kaboni dioksidi, vikapata nishati na kutoa methani. Kwa hiyo chakula kipo. Mlaji hajaonekana, na Cassini haikubeba kifaa cha kumtambua.

Chombo kingine cha angani, Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kitafika Mshtarii mwaka 2030. Nacho, licha ya vichwa vya habari, kinachunguza kama Europa, mwezi wa Mshtarii, unafaa kwa uhai; hakisaki viumbe.