Uliza Tukujibu: Kwa Miguu kutoka Mnazi Mmoja hadi Kidichi

Barua nyingi za safari hii zimezunguka jambo moja: kutembea mwendo mrefu bila ya kutoka mbali na mji. Tumezijibu kwa mpangilio zilivyofika, ya kwanza kwa urefu kwa sababu nyengine zote zinaiegemea.

Sisi ni watu watano wa Jang'ombe, tunatembea Maisara kila Jumapili. Tumechoka kuzunguka uwanja. Tunataka njia moja ya siku nzima inayounganisha bustani za mjini na misitu ya juu. Ipo?

Ipo, ila haina kibao hata kimoja, mtaiunga wenyewe. Kutoka Mnazi Mmoja hadi mahamamu ya Kidichi, yaani nyumba za kuogea za zamani, kupitia ukanda wa pwani ni kiasi cha kilomita 15, pungufu au zaidi kidogo kutegemea vichochoro mtakavyochagua.

Anzeni Mnazi Mmoja saa 12 na robo asubuhi, mbele ya Beit el-Amani, lile jengo jeupe la kuba lililofunguliwa mwaka 1925. Bustani ya Jamhuri ipo karibu hapo, na ya Victoria ni mwendo mfupi kwa Barabara ya Kaunda. Hapo kamera ikae mfukoni, kwani mnapita Ikulu. Tokeeni Shangani, mfike Forodhani kabla ya saa 1. Kwa saa hizo bustani ni tupu, mabenchi yana umande, na huu ndio wakati wa kukaza kamba za viatu upya. Mguu hutanuka ukipata moto, na kamba iliyofungwa nyumbani huwa imeshabana.

Kutoka Forodhani nendeni Malindi. Bandarini hamali na rikwama zao wana haki ya njia kuliko nyinyi, basi piteni upande wa majengo. Baada ya hapo mnafika Kinazini, penye nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho bara. Sasa linakuja pande baya. Baina ya Kinazini na Marhubi mnatembea ubavuni mwa barabara yenye magari mengi, moshi na vumbi, na hakuna cha kutazama. Maoni yetu ni kupanda gari ya abiria ya 502 vituo viwili vitatu. Hakuna atakayewapa nishani kwa kuvuta moshi.

Marhubi mna kivuli na pa kupumzika. Nguzo nene mnazoziona ni mabaki ya kasri ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, iliyomalizika mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899. Pembeni mafundi wanaunda majahazi. Ulizeni kwanza kabla ya kuingia baina ya mbao zao, kwani misumari iliyodondoka mchangani hupenya soli ya raba. Kutoka hapo, maji yakiwa yamekupwa, mnaweza kushuka pwani kuelekea Mtoni. Yakiwa yamejaa, rudini barabarani.

Mtoni pana magofu ya kasri ya Sultani Sayyid Said, alikozaliwa binti yake Bi Salme mwaka 1844. Mbele yake ni Kibweni, ambako kamera inarudi mfukoni kwa sababu kuna kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, halafu Bububu. Kuleni Bububu. Kutoka hapo njia inageuka mashariki na kupanda hadi Kidichi, kiasi cha kilomita 3 na nusu za minazi, mikarafuu na michungwa. Mahamamu yalijengwa kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sayyid Said. Ingieni ndani mtazame chokaa ilivyofinyangwa maua na ndege, kisha kaeni tu, kwa sababu baridi ya ndani ya kuta zile ni bora kuliko kivuli chochote mlichokipita.

Masingini je? Msitu uko juu ya tuta upande wa mashariki wa barabara, karibu na kilele cha Unguja nzima, na mji unakunywa maji ya chemchemi zake. Kuuweka pamoja na Kidichi siku moja inawezekana kwa waliozoea, lakini wengi huishia kuupita msitu mbio mbio wakiogopa jua kuzama. Gaweni mara mbili: Jumapili moja Mnazi Mmoja hadi Kidichi, nyengine Mtoni hadi Masingini na kurudi. Ripotini kwa walinzi wa msitu kwanza, mlipie, mpewe mtu wa kuwaongoza. Njia za ndani zinafanana sana, na nyingi ni za wakata kuni wa zamani, zinaishia kichakani.

Hesabu ya mwendo: kilomita 4 kwa saa kwenye lami, 3 msituni, 2 na nusu kwenye mchanga. Wanaokosea hupiga hesabu ya lami kwa njia nzima, na saa 7 mchana huwa bado wako Kibweni.

Nimesikia kuwa mtu anaweza kukwama baina ya Marhubi na Mtoni maji yakijaa. Nitajuaje saa ya kupita bila ya kununua kitabu cha maji? — Msomaji wa Kwahani

Tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu, unayo ukutani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na 2, na tarehe 14 hadi 16, ni bamvua: bahari hukupwa mno asubuhi baina ya saa 4 na saa 5 hivi, na hujaa mno alasiri na usiku wa manane. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukifika tarehe 7 au 8, na 22 au 23, umeingia maji mafu: asubuhi saa 4 maji yamejaa, ingawa hayajai sana, na yanakupwa alasiri.

Kwa njia hii siku zinazofaa ni za bamvua. Ukitoka Mnazi Mmoja alfajiri unafika Marhubi saa 2 na nusu au 3, maji yanateremka, una nafasi pana. Usiingie pwani ikiwa yameshageuka na kuanza kuja kwa zaidi ya saa moja. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kukupwa hukaribia mita 4, na maji hayaji kwa mstari ulionyooka. Hutangulia kujaza mifereji ya mikoko iliyo nyuma yako, wewe unatazama mbele ukiona pakavu.

Matatizo mengine ni mawili. La kwanza, tope la mikoko. Ukiona vijiti vya mizizi vimechomoza, usikanyage baina yake, zunguka upande wa mchanga. Tope likishafika kifundoni, usiuvute mguu kwa nguvu, utaacha kiatu. Utikise kisigino taratibu mpaka hewa iingie chini ya soli. La pili, mto wenyewe ulioipa Mtoni jina. Baada ya mvua kubwa huwa mpana na una uchafu wa mjini, basi vuka kwenye daraja la barabarani. Na usitegemee kuwa pwani ni moja moja hadi Bububu. Kuta na maeneo ya watu yamefika majini sehemu kadhaa, utatoka na kuingia.

Miguu yangu hutoka malengelenge kila nikizidisha kilomita 8. Nivae nini? Jirani anasema makubadhi ndiyo dawa. — Bibi wa Mombasa, Unguja

Jirani ana haki nusu. Makubadhi ya ngozi yaliyozoea mguu hayachubui kisigino, lakini hayashiki kwenye mteremko wa udongo, na Kidichi njia ikilowa huteleza kama sabuni. Ndara ni mbaya zaidi: vidole vinajikunja kuishika kila hatua, na baada ya saa mbili misuli ya muundi inauma. Vaa raba zilizokwisha kuvaliwa mwezi mzima, kubwa kwa nusu saizi, zenye meno chini.

Lakini tatizo mara nyingi ni soksi. Soksi ya pamba ikinywa jasho haikauki, inakunjamana na kusugua ngozi iliyolainika. Chukua jozi mbili za nailoni au sufi nyembamba, badilisha Mtoni, na zilizolowa zifunge nje ya mkoba zikauke. Kabla ya kutoka, bandika plasta pale panapochubuka kila mara, sio baada ya kuchubuka. Ukisikia moto kisiginoni simama hapo hapo. Dakika tano za kuvua kiatu zinakuokolea wiki ya kuchechemea. Lengelenge dogo liache. Likiwa kubwa na linauma, litoboe pembeni kwa sindano safi, lifyonze kwa kitambaa, ngozi ya juu usiitoe, kisha funika.

Na kata kucha siku mbili kabla. Kwenye mteremko wa kurudi Bububu, kucha ndefu ya dole gumba hugonga mbele mpaka inageuka nyeusi.

Maji kiasi gani? Nikibeba mengi mgongo unauma. — Kijana wa Mpendae

Lita 3 kwa siku nzima, lakini usizibebe zote. Toka na lita 1 na nusu, jaza Mtoni au Bububu ambako maduka yapo, na madafu ya njiani ni ziada, sio badala. Kunywa kidogo kila robo saa. Anayesubiri kiu hunywa nusu lita kwa pumzi moja, tumbo likamjaa na miguu bado mikavu.

Jasho likikutoka sana na kichwa kikaanza kugonga, maji matupu hayatoshi. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi kwa kudhani itasaidia zaidi, inavuta maji badala ya kuyaleta. Mtu akiacha kutoka jasho, akawa anajibu ovyo, safari imekwisha: kivulini, mloweshe shingo na makwapa, mpepee, mtafutieni gari ya hospitali.

Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linatupita utosini kabisa, hata ukuta mrefu hauna kivuli. Miezi hiyo uwe umeshafika Bububu saa 5. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo unakusukuma mgongoni ukielekea kaskazini na safari ni nyepesi, lakini unakausha jasho na kukudanganya kuwa hukupoteza maji. Masika tuseme ukweli: ahirisha.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi. Nataka kuwapeleka wanafunzi 30 Masingini. — Mwalimu wa Fuoni

Sio wote 30 kwa pamoja. Makundi matatu, kila kundi na watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa nyuma hampiti mtu. Andikieni ofisi ya misitu mapema. Mwendo wa kilomita 4 unatosha kwa umri huo. Mikono mirefu na suruali chini ya sare, kwa sababu ya upupu: wakati wa ukavu maganda yake hupeperusha vinyweleo, na mtoto mmoja akijikuna, wote wanajikuna. Akipatwa, asisugue wala asimwagiwe maji kwanza. Bandika na kubandua utepe wa gundi au donge la ugali mara kadhaa vinyweleo vitoke, ndipo aoshe. Chemchemi ni za kutazama, sio za kuogea, kwani maji hayo yanakwenda mabombani.

Wakiona kima, hatua tano mbali na chakula kisitolewe. Kima punju, wale wekundu wa Unguja, hawahitaji karanga zetu. Mashambani karibu na msitu wa Jozani hula hata makaa, ambayo hupunguza sumu iliyomo katika majani ya mikungu na miembe wanayoyapenda.

Tunaweza kutembea Ramadhani? — Wasomaji wawili

Mnaweza, kipande cha mwanzo tu. Baada ya alasiri, Mnazi Mmoja hadi Forodhani kwa kuzunguka bustani zote, mkamalize kwa futari. Aliye na udhuru wa kula asile barabarani.

Ni kweli Bububu ilipewa jina na mlio wa treni?

Hadithi tamu, lakini treni ilianza kwenda Bububu mwaka 1905. Bi Salme aliishi Bububu, kwa jina hilo hilo, kabla hajaondoka Zanzibar mwaka 1866. Wanaosema ni sauti ya chemchemi wana hoja yenye nguvu zaidi.

Na sisi wa Pemba? — Msomaji wa Wete

Bustani za kuunganisha mjini hamna za kutosha, lakini mna kitu cha kujivunia: barabara ya Konde kwenda Ras Kigomasha inapita katikati ya msitu wa Ngezi, hekta 1,440, na miti mirefu inakutana juu ya kichwa chako. Shukeni gari Konde, simameni ofisi ya msitu mlipie, chukueni njia fupi ya ndani pamoja na mwongozaji, kisha endeleeni hadi ufukwe wa Vumawimbi. Ukishatoka msituni mchanga ni laini, mwendo unapungua kwa nusu, na hakuna duka, basi hapa lita 3 zote mnazibeba. Kima punju waliopo Ngezi waliletwa kutoka Unguja mwaka 1974 na ni wachache, msitegemee kuwaona. Popo wa Pemba, wale wakubwa, mtawaona wakati wa magharibi wakitoka. Agizeni gari ya kuwarejesha kabla hamjaingia, maana jioni upande ule hakuna ya kudandia.