Soma uchafu kwanza: kwa aliyeanza juzi kuosha injini

Ukipewa mpira wa maji ukaambiwa "kaoshe injini", uweke chini kwanza. Chukua tochi, fungua boneti, uangalie.

Vumbi kavu ni vumbi tu. Tope jeusi linalong'aa ni oili inavuja mahali, na mahali penyewe huenda si pale palipochafuka zaidi, maana oili hushuka na upepo wa feni huisukuma nyuma. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Mara nyingi utaishia kwenye gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya kichwa cha injini. Ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kwenye maungio ya mipira ya rejeta ni kuleni, yaani maji ya kupoza injini, iliyovuja ikakauka. Piga picha kabla ya kuosha, la sivyo fundi atakayekuja baada yako ataanza kubahatisha.

Injini iwe imepoa kiasi cha kuweka kiganja juu yake bila kukiondoa haraka. Uvuguvugu ni mzuri, unalainisha grisi. Lakini manifoldi ya ekzosi (chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye silinda) ikiwa ya moto, maji baridi yanaweza kuipasua, na dawa ya kutolea grisi inaweza kuwaka ikiidondokea. Petroli usiilete kabisa kwenye kazi hii. Mafuta ya taa wengi wanayapenda, na grisi yanatoa kweli, ila nayo yanashika moto, tena mipira ya rejeta huifurisha na kuilainisha. Mimi niliyaacha.

Toa waya wa hasi wa betri, ila muulize kwanza mwenye gari kama redio yake inadai namba ya siri ikikatiwa umeme. Kisha funika kwa nailoni altaneta (inayochaji betri), boksi la fyuzi, kompyuta ya injini na mdomo wa ea klina, pale hewa inapoingilia.

Niliwahi kufunika vyote hivyo nikajiona nimemaliza. Gari lilikuwa la silinda 4, plagi zimezama kwenye visima virefu katikati ya kichwa cha injini, nami nikapiga mashine ya presha hapo hapo juu. Nilipowasha, injini ikatetemeka na taa yake ikawaka kwenye dashibodi: linamisi, yaani kuna silinda haichomi. Kila plagi ina koili juu yake inayoipa umeme; ya kwanza nikaitoa kavu. Ya pili kavu. Ya tatu iligoma kidogo, kisha ikachomoka kwa mlio wa kizibo cha chupa, na kisimani maji yametulia hadi plagi haionekani. Mwenye gari yupo pembeni, anatazama saa. Bahati yangu sikukimbilia kufungua plagi, maana maji na mchanga vingeingia ndani ya silinda. Nikapuliza kwa kompresa, nikafuta koili, nikasubiri ikauke, ndipo gari likatulia.

Tangu hapo juu ya injini natumia kitambaa na brashi zaidi ya maji. Nyunyiza dawa, iache dakika chache bila kukauka, sugua kwa brashi ya rangi, na kwenye kona tumia mswaki mkuukuu. Kusuuza ni kwa maji mepesi ya mpira, kutoka juu kwenda chini. Presha usiielekeze kwenye soketi za nyaya wala kwenye mapezi ya rejeta, yanapinda kama karatasi. Na ukikuta nyaya nene za rangi ya machungwa, hilo ni gari la haibridi au la umeme. Umeme wa humo unaua, kwa hiyo usizichomoe wala usizimwagie maji.

Puliza soketi na visima vya plagi hadi vikauke, toa nailoni zote, rudisha waya wa betri, uwashe injini dakika 10 hadi 15 boneti ikiwa wazi. Mikono iwe mbali na feni, inaweza kujiwasha yenyewe. Ukitaka kung'arisha plastiki sawa, lakini dawa hiyo isiguse mkanda wa injini, maana mkanda utateleza.

Mwenye gari mwambie arudi baada ya siku mbili tatu. Kama kuna oili inavuja, utakuta mstari mmoja mwembamba juu ya chuma safi. Ulinganishe na ile picha yako.