Nikimpa mwenzangu kazi ya wodini, nani anajibu?

SWALI: Mimi ni muuguzi. Usiku tuko wauguzi 2 na mhudumu 1 kwa wagonjwa 28. Mchana tuna mtaalamu wa viungo na mfamasia. Kazi zipi naweza kuwaachia, na mgonjwa akidhurika nani anajibu?

JIBU: Pole na zamu, ndugu yangu. Kazi ya mikono inagawika; kumtathmini mgonjwa na kuamua kunabaki kwako. Kama amefunzwa na kanuni za kazi zinamruhusu, mhudumu anaweza kuogesha, kugeuza mgonjwa, kupima joto na presha. Yeye atajibu kwa alichofanya. Wewe utajibu kwa kuamua kumpa, kwa maelekezo yako na kwa kufuatilia.

Ila mtazame mgonjwa kwanza, ndipo ugawe. Kulisha ni kazi nyepesi, lakini kwa aliyepata kiharusi jana na hajapimwa kumeza, kijiko kimoja kinaweza kuishia mapafuni.

Kipimo kinachoninyima usingizi ni idadi ya pumzi kwa dakika. Nimeona chati za wodi nzima, kitanda hadi kitanda, zimeandikwa 20. Hakuna aliyehesabu! Na pumzi mara nyingi hubadilika kabla presha haijashuka. Simama na mhudumu, mtazame kifua kikipanda na kushuka, mhesabu pamoja dakika 1 nzima. Kisha mpe namba: mtu mzima akifika 25 au zaidi, au 8 kushuka chini, "niite papo hapo, usingoje kumaliza vitanda vingine." Kumwambia tu "mwangalie yule wa kitanda cha 6" hakumsaidii.

Mtaalamu wa viungo humpangii kazi, mnakubaliana. Kabla hajamketisha mgonjwa, mweleze presha ya asubuhi na kama dawa ya maumivu imeshatolewa. Naye akuambie mgonjwa alisimama kwa msaada wa watu wangapi, kwa sababu usiku ni wewe utakayempeleka chooni.

Kukagua dawa alizokuja nazo mgonjwa mwachie mfamasia, hapo anatuzidi. Lakini kila dozi iwe na mtoaji mmoja anayejulikana, atie saini palepale. Dozi hurudiwa pale kila mmoja anapodhani mwenzake hajatoa.

Na mhudumu akisema "hii sijawahi kufanya," mshukuru, uifanye mwenyewe yeye akiwa pembeni anatazama.