Kutambua nyota mwenza kwa infraredi: jibu

Mkuu, umeuliza kwa nini nyota mwenza wa IGR J16318-4848, mfumo wa nyota mbili unaotoa eksirei, uliogunduliwa na setilaiti ya INTEGRAL mwaka 2003, huchunguzwa kwa infraredi, yaani mwanga wenye mawimbi marefu kuliko tunaouona. Sababu ni vumbi. Mwanga wa kawaida hupungua kwa takriban magnitudi 17 (kipimo cha mng'ao), yaani mara milioni kadhaa; kwenye bendi ya K, sehemu ya infraredi karibu na mikromita 2.2, ni kama magnitudi 2 tu.

Piga spektra (mwanga uliotenganishwa kwa urefu wa mawimbi) ya mikromita 2.0 hadi 2.4. Tazama mistari ya heli kwenye 2.058 na 2.112, haidrojeni kwenye 2.166. Ukiona heli iliyoioniwa (iliyopoteza elektroni) ikifyonza mwanga kwenye 2.189, hiyo ni nyota ya aina O, yenye joto kali sana. Huyu wa IGR ana mistari mikali inayong'aa, dalili ya upepo mzito wa jitu kuu la B[e], nyota kubwa ya moto iliyozungukwa na gesi na vumbi.

Wengi huharibu kazi wanaposahihisha athari za angahewa. Nyota rejea ya A0 (nyota nyeupe inayotumika kupima athari hizo) ina mstari wake wa haidrojeni palepale 2.166, ukigawanya spektra yako kwa ya rejea kabla ya kuuondoa mstari huo, unajitengenezea mng'ao wa uongo. Ule wa 2.058 nao unavurugwa na kaboni dioksidi ya angahewa, kwa hiyo chagua rejea iliyo kwenye kimo kilekile angani na uipige mara tu baada ya nyota yako.