Ulinzi wa Berlin: usikimbilie kubadilishana kete

Ndugu, umeuliza kama Ulinzi wa Berlin, mojawapo ya njia za mweusi kuanza mchezo wa sataranji (chess), unamfaa mchezaji wa kete nyeusi anayetafuta sare mbele ya mpinzani aliyemzidi nguvu. Nimeucheza kwa miaka sita katika mashindano, na naona unafaa sana, ila si kwa sababu ambayo wengi huitaja.

Sifa zake za leo zilianzia London mwaka 2000, Vladimir Kramnik alipomvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5. Kasparov alifungua kwa askari hadi e4 (herufi hutaja mstari wa wima wa ubao, namba hutaja safu ya mlalo) na kupeleka askofu b5, Kramnik akajibu kwa kupeleka farasi f6, na michezo yote minne iliyopita njia hiyo ikaisha sare. Kufikia hatua ya nane malkia wote wawili wameshatoka ubaoni, na mfalme mweusi amesimama d8, asiweze tena kufanya hatua ya pamoja na ngome yake (castling) ili ajifiche pembeni.

Hapo ndipo nilipokosea katika mchezo ambao hadi leo unaniuma. Niliamini kwamba malkia wakiisha kutoka, kila kete inayobadilishwa inanisogeza karibu na sare, nikabadilisha maaskofu, farasi, hatimaye ngome zote. Tulipobaki na wafalme na askari tu, nilikuwa nimekwisha kushindwa: mweupe alikuwa na askari wanne dhidi ya watatu wangu upande wa mfalme, akapata askari huru, yaani asiye na askari wa mpinzani wa kumzuia njiani, ilhali wanne wangu wa upande wa pili hawakuweza kutoa askari huru hata mmoja, kwa kuwa wawili kati yao walipangana mmoja nyuma ya mwingine katika mstari wa c.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali mabadilishano yoyote, ondoa kichwani kete zote na utazame askari waliobaki. Nguvu yako imo katika maaskofu wawili. Mweupe alitoa askofu wake wa miraba myeupe alipokula farasi wako wa c6, na askari wake wa e5 amesimama kwenye mraba mweusi, akimziba askofu aliyebaki. Basi miraba ya e6 na f5 ni yako, izuie hapo safari ya askari wa mweupe wa upande wa mfalme. Mimi husukuma pia askari wa h hadi h5 mapema, ili mweupe asipate kucheza g4 kwa urahisi na kumfukuza farasi wangu wa f5.